Rangi ya Mstari wa Kwanza

Eda ya Bi Mwanarusi ilipokwisha, bintiye Saumu, aliyekaa naye kipindi chote, alimwambia wabadilishe mandhari ya nyumba. Enzi hizo hakuna aliyetazama kwa macho matupu; kila mtu alivaa lenzi, na lenzi zilipaka rangi vyote vya nyumbani kwa kufuata faili moja.

"Badilisha mstari wa kwanza tu, mama. Hiyo ndiyo rangi ya msingi. Kuta, mapazia, hata sahani, vyote vinapigiwa hesabu kutoka hapo."

Tangu mazishi mstari ule ulikuwa wa kijivu. Bi Mwanarusi akaufuta, akaandika rangi ya bizari. Nyumba nzima ikachangamka kama yenye harusi. Na uso wa Saumu, uliosawijika tangu baba yake azikwe, ukanawiri papo hapo.

Moyo ukamlipuka Bi Mwanarusi. "Kumbe na nyuso zimo?"

"Zimo, mama. Ili tupendeze."

Muda wote wa eda alijiliwaza kwamba si yeye peke yake anayemlilia marehemu. Kumbe huzuni ya mwanawe ilikuwa rangi tu? Akanyoosha mkono, akaligusa shavu lile linalong'aa, kavu machoni pake.

Vidole vikarudi vimelowa.