Uzi Nyuma ya Sikio

Mama alimaliza kusoma kurasa za kitabu changu cha katuni, zilizokuwa zinasubiri kwenda kuchapwa. Akarudi nyuma kurasa mbili, akaweka kidole juu ya picha yangu.

"Wewe mbona huna barakoa?"

Kitabu kilimhusu kaka yangu. Alijiua, nasi tukawaambia watu ni presha. Kila aliyemfungia moyo nilimvika barakoa inayotabasamu, imefungwa kwa uzi mwembamba nyuma ya sikio. Baba anayo. Shangazi anayo. Ya Mama niliifanya kubwa kuliko zote, naye aliipita akaendelea kusoma.

"Mimi ndiye msimulizi, Mama. Nimesema ukweli."

"Ukweli gani?" Wala hakupandisha sauti. "Mchana ule wa kifo chake, kaka yako alikugongea mlango wa chumba chako. Nilikuwa jikoni. Nilisikia ukizima redio ili adhani hupo."

Mama akaninyooshea mkono.

"Hebu lete kalamu."

Wino wangu haufutiki, na ukurasa ule ulikuwa mmoja tu, sina nakala. Ningeweza kuunyakua. Nikampa kalamu.

Alianzia nyuma ya sikio langu, akauvuta uzi polepole, umepinda vibaya, hadi katikati ya shavu. Akaishia hapo, akanirudishia kalamu.

"Hilo tabasamu chora mwenyewe," akasema. "Yetu umeyapatia sana."