Majina Ndani ya Roketi

Pale kiwandani walikuwa na desturi yao. Kabla roketi haijafungwa, kila fundi aliandika jina lake kwa chaki ndani ya kichwa cha roketi hiyo, pale inapokaa setilaiti. Kila roketi iliruka mara moja tu, ikaungulia huko juu pamoja na majina yao.

"Mteja wa mwisho naye kajitoa, Bi Tunu," alisema meneja. "Siku hizi wote wanataka roketi inayorudi ikatumika tena. Hii iliyobaki tutaisimamisha getini, iwe pambo."

"Pambo!" alimaka Tunu. Miaka kumi na tisa alikuwa akichomelea roketi, na hakuna hata moja iliyomwaibisha. "Zangu hazikutumwa kurudi, meneja. Zilitumwa kufika, na zilifika!"

"Soko ndilo limeamua, si mimi. Wapaka rangi wanakuja kesho."

Tunu alichukua kitambaa kibichi, akajipenyeza ndani ya kichwa cha roketi, akalitafuta jina lake na kulisugua kwa hasira, lisije likasimama getini. Chaki ilifutika upesi. Lakini kila mara bati lilipokauka, herufi zilijitokeza tena, nyeupe vilevile, naye akalowesha kitambaa upya.