Lugha ya Mama Chapa

Mama Chapa aliinua kikombe, akatamka neno ambalo hakuna aliyelielewa, na watu wazima kumi na watatu wakamkodolea macho kama vifaranga.

Akalitamka tena, polepole. Kisha akaweka kiganja nyuma ya sikio, akangoja.

"Lisenu," wakasema, wengine wakimeza mwisho wa neno.

Ilikuwa wiki ya pili ya mafunzo ya kufundisha watoto Kiingereza. Mkufunzi wao, mwanamke mwembamba asiyependa kupoteza muda, aliwaambia kwamba mtu aliyesahau jinsi kutojua kunavyouma hafai kusimama mbele ya mtoto. Basi kila mmoja angewafundisha wenzake kwa dakika ishirini katika lugha ngeni, bila kutafsiri hata neno. Na kwa kuwa kati yao walijua lugha nyingi mno, kila mtu abuni yake.

Wenzake walikuwa wamejaribu. Fundi Simu, kijana mrefu aliyechoka kukarabati simu za watu, aliyaandika maneno yake kwenye kiganja. Jasho likayafuta, akabaki ameduwaa mbele ya darasa huku watu wakishika mbavu. Mwingine aliyageuza tu maneno ya kila siku kinyumenyume, akashtukiwa kabla hajafika mbali.

Mama Chapa hakushika karatasi. Alikuwa mkubwa kuliko wote pale, mpiga chapa aliyestaafu baada ya kuandika barua za wakubwa kwa miaka thelathini. Aliishi peke yake katika vyumba viwili, na humo redio ndiyo iliyosema; yeye kazi yake ilikuwa kusikiliza. Siku ya kwanza walipoulizwa kilichowaleta, wengine walitaja ajira, wengine safari. Yeye alisema amechoka kunyamaza. Wakacheka, wakadhani ni utani wa kizee.

Lakini siku ya somo lake hakuwa yule mama wa kukaa kando na mkoba mapajani. Alipita kati ya viti, akagusa mkate, akagusa maji, akagusa dirisha, kila kitu akikiita jina lake. Fundi Simu, aliyejifanya mtoto mtundu, akainua vikombe viwili ili amtege.

"Basenu," Mama Chapa akamjibu papo hapo.

Mkufunzi akaandika kitu.

Mwenzao mmoja, mwalimu wa chekechea mwenye sauti nene, aliivuta irabu mahali isipovutwa. Mama Chapa akamrudisha. Akamrudisha mara ya pili, ya tatu, hata ya sita, mpaka mkufunzi akakohoa.

Mwisho akawafundisha maamkizi. Kwa ishara aliwaonyesha kwamba mgeni huita hivi akiwa mlangoni, na waliomo ndani huitikia hivi. Alipoona yamewakaa ulimini, akatoka, akafunga mlango nyuma yake, akabisha.

Akaita. Sauti kumi na tatu zikaitikia kwa pamoja.

Hakuingia. Aliegemeza paji la uso kwenye ubao wa mlango, akaita tena. Wakaitikia. Mara ya tatu sauti yake ilikuwa ndogo, na wao wakazidisha zao, wakidhani ndio mchezo wenyewe. Mwito wa nne haukuja. Watu wakaanza kutazamana.

Mkufunzi alipofungua mlango, alimkuta ameshika kitasa, macho yamemlowa. Akamwuliza kwa sauti ya chini kama maneno yamempotea. Mama Chapa akasema ni vumbi la chaki.

Katika tathmini alisifiwa kuliko wote. Mkufunzi alisema kwamba kwa miaka yote ya kazi ile hakuwahi kusikia lugha ya kubuni iliyosimama kwa miguu yake namna hiyo. Alikuwa na kasoro moja tu ya kumwambia.

"Usimvunje moyo mtoto kwa ajili ya irabu moja," akasema. "Tena lugha hii umeibuni mwenyewe. Nani angejua kwamba yule amekosea?"

"Nisamehe," Mama Chapa akasema.

Kwenye fomu yake, mbele ya neno ubunifu, akaandikiwa kumi kwa kumi. Wenzake wakampigia makofi, kisha wakakusanya vitu vyao na kuondoka wawili wawili na watatu watatu, kelele zao zikishuka ngazi na kupotelea barabarani. Yeye alibaki kuosha kikombe. Alikiosha kwa muda mrefu, kama mtu asiye na haraka ya kufika kwake.

Alipotoka, alimkuta Fundi Simu anamsubiri ukumbini.

"Mama, hebu nipe siri," akasema kijana. "Mimi maneno kumi tu yalinishinda. Wewe lugha yako ina umoja na wingi, ina maamkizi, ina mpaka makosa. Ulikaa siku ngapi kuitunga?"

Mama Chapa alikuwa ameshaanza kushuka. Akasimama kwenye ngazi ya pili, mkono mmoja ukutani.

"Sikuitunga, mwanangu," akasema. "Ndiyo tuliyokuwa tukisema nyumbani kwetu. Tangu nimzike dada yangu, miaka kumi na moja sasa, leo ndiyo mara ya kwanza nimeita nikaitikiwa."