Beseni la Lita Tano

Spéciose alikishika kisigino cha yule mama wa Kiturkana, kikavu na chenye nyufa kama udongo wa laga, mto uliokauka, akakitumbukiza kwenye beseni.

Ndivyo Wakristo wa Kimennonite wa kwao Burundi walivyoanza kila jambo kubwa: kwanza unamwosha mwenzako miguu. Na jambo lilikuwa kubwa. Chuo kikuu chao kilikuwa bado hema moja hapa kambi ya wakimbizi ya Kakuma na wanafunzi kumi na wanane. Katika ofisi ya serikali mjini Lodwar waliambiwa hakitaandikishwa bila kiwanja, na karatasi ya kiwanja ilisubiri alama ya kidole cha mama huyu, mwenye ardhi.

Mama aliutoa mguu majini.

"Mvua imepotea miaka mbili," alisema. "Mbuzi yangu inakufa. Wewe unaosha mguu?"

Lita tano zile Spéciose alizipangia foleni tangu alfajiri, na mbuzi hawakumjia akilini hata mara moja.

Mama aliinua beseni kwa mikono miwili, akanywa mpaka nusu. Kisha akamsukumia.

"Hii haimwagwi. Maliza."

Maji yalikuwa na rangi ya chai. Vumbi la kisigino lilizunguka polepole, likatulia chini.

Spéciose alikunywa. Mchanga ulisagika menoni. Aliinamisha beseni mpaka tone la mwisho.

Mama alifuta kidole gumba kwenye shuka yake.

"Haya," alisema. "Lete wino."