Fomu Iliyofungwa

Mkurugenzi wa hospitali alimwinamia Siwema, karani wa usajili. "Fungua tena ile fomu ya mtandaoni ya kuandikisha wagonjwa. Mama mkwe wangu anataka upasuaji wa macho kesho."

"Imejifunga yenyewe, bosi. Vitanda vimejaa."

"Mtu mmoja tu!"

"Atalala kitanda cha nani? Mara iliyopita tulipoifungua tena, tuliwarudisha watu mlangoni. Sirudii."

"Basi nipe nywila, niifungue mwenyewe."

Siwema alizima kompyuta, akavua kitambulisho chake shingoni, akakiweka mezani. "Nifukuze kwanza."

Mzee mmoja aliingia akipapasa ukuta. "Hapa ndipo pa macho? Mjukuu aliniandikisha kwenye simu."

"Ndipo, babu. Karibu."

Siwema alimshika mkono, wakaelekea wodini. Mkurugenzi aliwatangulia, akasimama katikati ya mlango. Siwema hakupunguza mwendo.