Tarakimu Ishirini na Tatu

Fundi wa mawe alikuwa amebakiza tarakimu moja. Alipuliza vumbi, akashika patasi, akachonga saba. Namba nzima sasa ilikaa juu ya mlango wa jengo jipya la hisabati, na chini yake maneno: "Namba ya Mkuu".

Karani wa mahesabu aliitazama, mkoba kwapani. Mdogo wake akamvuta mkono.

"Dada, hiyo si ile ya daftari lako la kijani?"

"Ndiyo yenyewe."

"Amekuibia tena! Na wewe umetulia kama maji mtungini!"

Mara ya kwanza ilikuwa miaka tisa nyuma. Karani alipata namba tasa, ile isiyogawanyika ila kwa moja na kwa yenyewe, kubwa kuliko zote walizozijua pale idarani. Akampa Mkuu wa idara aihakiki. Ikatoka jaridani na jina la Mkuu peke yake. Alipolalamika, Mkuu alimjibu mbele ya wenzake: "Mama, huna mume, huna mtoto. Lazima uzione tasa kila mahali!"

Walicheka mpaka wakashika mbavu. Karani akarudi mezani kwake. Tangu siku hiyo hakufunga tena droo yake, ile ya daftari la kijani. Watu wakasema amekata tamaa.

Sasa, ukumbini kwenye sherehe ya ufunguzi, Mkuu alimaliza hotuba huku akipangusa miwani.

"Miaka mitatu nimeipima kwa mkono wangu mwenyewe. Hakuna kinachoigawa; ni tasa. Kuna swali?"

Karani alisimama.

"Naomba chaki."

Vicheko vikapita viti vya nyuma. Alipanda jukwaani, akaandika ubaoni namba mbili, moja ya tarakimu kumi na mbili, nyingine kumi na moja. Akaanza kuzizidisha. Safu baada ya safu, bila haraka, bila kufuta. Kufikia safu ya saba hakuna aliyekuwa anacheka. Kufikia ya kumi na moja, Mkuu alikuwa ameloa jasho hadi kwenye kola.

Akajumlisha. Wageni walifuatisha kwenye karatasi za ratiba zilizochapwa namba ya Mkuu, kidole juu ya kila tarakimu. Zilipolingana zote ishirini na tatu, wote walimgeukia Mkuu.

"Mkuu," mgeni rasmi aliuliza, "uliipima vipi?"

Mkuu alikusanya karatasi zake, akashuka jukwaani.

Nje, fundi alikuwa tayari ameitwa aje na nyundo yake kuifuta namba. Mdogo mtu alimkumbatia dada yake, machozi yakimlengalenga.

"Kumbe namba yako ilikuwa na kosa, ukaligundua kabla yake! Ilikuchukua muda gani kuzitafuta hizo mbili?"

Karani alijipangusa chaki vidoleni.

"Sikuzitafuta," alisema. "Nilianza nazo."