Bata Mzinga wa Burbank

Hrant Bedrosian alijitazama kwenye kioo kilichosimama kando ya kompyuta, akafumba macho polepole kama anayevumilia harufu, akashusha pumzi puani. Alichokiona akakichora, akamvika bata mzinga.

Wachoraji wote wa kampuni ile ya katuni, pale Burbank, walikuwa na kioo mezani. Ukitaka katuni inune, sharti unune wewe kwanza. Lakini Hrant alikuwa na lake jambo. Alikuwa anamchora Todd.

Todd Wexler ndiye aliyepewa kuongoza sehemu ya pili ya filamu ya vicheche wenye mkahawa. Mtu wa juzi tu, anakuja kazini na kaptula, kila kitu kwake ni babu kubwa. Sehemu ya kwanza ilitokana na jasho la Hrant, na Hrant hakuwa na shaka kwamba kiti cha kuongoza ni chake. Wakampa mwenye kaptula. Akameza donge, akaomba kitu kimoja: amchore bata mzinga, yule bwana afya anayekuja kuufunga mkahawa.

"Mchukue, mzee wetu," Todd alimwambia. "Mfanye utakavyo, mimi sikuingilii."

Hrant alifumba macho mpaka mpumbavu yule akamaliza kusema.

Hadithi yenyewe ilikuwa takataka. Vicheche wale wale, mzaha ule ule wa kujamba, na wimbo mwishoni ili wazazi wanunue midoli. Ni bata mzinga tu aliyekuwa hai. Alikuwa hamtazami anayesema naye. Alisahihisha salamu za watu. Akipewa mkono, aliufuta wake kwa leso.

Beatriz, wa meza ya jirani, alisimama nyuma yake siku moja akaona ndege anavyotembea. Akaziba mdomo.

"Kweli utathubutu kumpeleka hivi? Si ukumbi mzima utamjua, na..."

Hrant akainua kidole kumnyamazisha.

"Wamjue. Ndiyo kazi yake."

Kabla filamu haijatoka, kampuni iliwaonyesha wafanyakazi na familia zao. Hrant alikuja na mkewe, Sona, akachagua viti vilivyo nyuma tu ya Todd. Filamu haikumhusu. Alitaka kitu kimoja tu, Todd ajitambue mbele ya watu wote, aumie kama yeye alivyoumia siku aliponyimwa kiti.

Bata mzinga alipoingia mkahawani, ukumbi ulilipuka kwa kicheko. Watu wakapigana viwiko. Wengine wakageuza vichwa kuangalia upande wao, na Hrant akajisikia mwepesi kwa furaha. Sona alicheka mpaka akainama. Todd naye alicheka, akajipiga mapaja, akakohoa, akacheka tena. Anajicheka mwenyewe, punguani, wala hana habari, Hrant aliwaza, na furaha ikaanza kumchachia. Mtu asipojua kwamba ametukanwa, tusi lina faida gani?

Taa zilipowaka aliamua kumwambia mwenyewe. Akamfuata mlangoni, Sona akiwa nyuma.

"Ulimtambua bata mzinga?" aliuliza kwa sauti, wote wasikie.

Todd akamkumbatia.

"Nani hakumtambua? Wenzako walinisihi nikuzuie, mzee wetu. Eti mtu hawezi kujichora mwenyewe hivyo mbele ya kampuni nzima, utakuja kuumia. Nikawaambia mwacheni. Mimi ningekuwa wewe, nisingethubutu."

Watu wakapiga makofi. Sona alikuwa bado anafuta machozi ya kicheko. Akamshika mumewe mkono, kwa upole aliokuwa hajamwonyesha siku nyingi.

"Hrant jan," alisema, akimwita mpenzi kwa Kiarmenia, "miaka yote hii nilidhani hujijui."